Siku Nilipompungia Kulungu Koti

Mjomba wangu ananiita "mjomba" nami namwita "mjomba", kwa hiyo tukianza kugombana porini, anayetusikia kwa mbali hawezi kujua nani anamsema nani. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia, anayesemwa nilikuwa mimi. Na nilistahili.

Mambo yalianzia kwenye hesabu. Nilikuwa nanunua bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia kulungu, ya bolti, yaani ile ya kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono kuingiza risasi, inayotumia risasi za kipimo cha .308. Dukani walikuwa nazo za mitutu ya urefu tofauti: inchi 20, inchi 22 na inchi 26. Mjomba akasema chukua ya 20, lipa, twende zetu. Bahati mbaya nilikuwa nimesoma.

Nilikuwa nimesoma kwamba baruti ikiungua, gesi yake huisukuma risasi kwa muda wote risasi inaposafiri ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa mrefu, msukumo unadumu zaidi. Kwa risasi kama ile, kila inchi unayoongeza huleta kama futi 20 hadi 30 kwa sekunde. Nikatoa simu, nikapiga hesabu mbele ya muuzaji: inchi 6 zaidi, karibu mita 45 kwa sekunde. Za bure! Nilijiona kama nimeokota pesa njiani.

"Mjomba," akaniambia taratibu, "risasi yenyewe inatoka na mita 800 na ushee. Na huko tunakokwenda ni kichaka kitupu, kulungu anasimama hatua 60. Hizo mita 45 unampelekea nani?"

Sikumjibu. Nililipia ya inchi 26.

Nyumbani jambo la kwanza lilikuwa kuchukua futi kamba. Nikapima kutoka mdomo wa mtutu mpaka pale unapozama kwenye mwili wa bunduki. Nikapima tena. Mara ya tatu nikapima nikiwa nimekaa, labda kusimama ndiko kunakonipoteza. Inchi 25 na kidogo tu. Nimeibiwa!

Kesho yake nilirudi dukani nikiwa nimevimba kama mkate, na mjomba nyuma yangu kama shahidi asiyetaka kushuhudia. Nilisema maneno mengi. Nilisema "wateja wote wajue". Wateja wote walikuwa wanne na wote waligeuka. Muuzaji hakubishana. Alihakikisha bunduki haina risasi, akafunga bolti, akachukua ufito mwembamba wa mbao na kuuteremsha kupitia mdomo wa mtutu mpaka ukagota kwenye uso wa bolti. Akatia alama kwa penseli pale mdomoni, akautoa, akaulaza kwenye futi kamba. Inchi 26 kamili.

"Mtutu unapimwa pamoja na chemba yake, pale risasi inapokaa," akasema. "Wewe umepima unaouona."

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa anakagua dari la duka kwa makini ambayo sijawahi kumwona nayo.

Basi, siku ya kuwinda ikafika. Njiani niligundua kwamba mtutu wa inchi 26 ukiutundika begani, unachungulia juu ya kichwa chako na kusalimiana na kila tawi. Mjomba na bunduki yake fupi alipita chini ya miti kama mwenye nyumba. Mimi nilipita nimeinama, nikivutwa nyuma, nikiomba radhi kwa miiba. Hata hivyo moyoni nilikuwa najipa moyo: mita 45, mita 45.

Kibanda chetu cha kuvizia kilikuwa cha mbao na paa la bati, na upana wake watu wawili wakikaa, wa tatu lazima awe rafiki wa karibu sana. Kina madirisha mawili, kushoto na kulia. Bunduki yangu kutoka kitako hadi mdomo ilikuwa karibu sentimita 117. Hapo ndipo nilipaswa kupiga hesabu, lakini siku hiyo hesabu ilikuwa imenitoka.

Mjomba ana sheria moja isiyo na mjadala: hakuna risasi kuingia chemba mpaka mnyama asimame mahali peupe na umeshajua nyuma yake kuna nini. Mungu amrehemu aliyemfundisha. Tukakaa, mtutu wangu umetoka dirisha la kushoto kama bomba la maji. Mjomba akaona joto, akavua koti lake na kulitundika kwenye msumari.

Kulungu akatokea kulia.

Dume. Hatua 40, ubavu wote, anakula majani bila wasiwasi. Mjomba akanigusa goti: wako. Nikaanza kuurudisha mtutu ndani. Kitako kikagota ukuta wa nyuma, na mdomo bado uko nje. Nikaelewa kwamba nilikuwa najaribu kugeuza ngazi ndani ya choo. Nikainua mdomo juu ili uvuke dirisha. Bati likalia *ngaaa!* Kulungu akainua kichwa. Nikashusha haraka, nikaikumba chupa ya chai, ikabingirika sakafuni ikiimba. Mjomba alikuwa ameshajilaza chini kando ya hiyo chupa. Kwake yeye kila bunduki ina risasi mpaka aikague mwenyewe.

Sikukata tamaa. Nikazungusha kwa mara ya mwisho, kwa nguvu, na mtutu ukapita. Ukaenda moja kwa moja dirisha la kulia. Nikaweka jicho kwenye darubini nimwone dume wangu.

Nikaona rangi ya chungwa. Chungwa tupu, juu mpaka chini.

Mtutu ulikuwa umepita ndani ya mkono wa koti la mjomba, ukaling'oa msumarini, na sasa lote lilikuwa nje ya dirisha, linaning'inia kwenye inchi 26 zangu. Wenye ujuzi watawaambia kwamba kulungu haioni vizuri rangi hiyo ya koti la wawindaji. Ni kweli. Anachokiona vizuri mno ni kitu kinachotikisika. Nami nilikuwa nakitikisa, nikijaribu kulikung'uta lianguke, kwa hiyo ukimuuliza yeye atakwambia alisimama pale akipungiwa.

Alikubali kupungiwa kwa sekunde kama tano hivi. Akapiga mguu chini mara mbili, akakoroma kwa pua, akainua mkia na kuondoka.

Kimya. Sauti ya mjomba ikatoka sakafuni: "Mjomba, ameondoka?"

"Ameondoka, mjomba."

"Na koti langu?"

"Limebaki."

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye lile duka, maana fundi wao hukata mitutu. Alinieleza kwamba kukata ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuchonga mdomo upya uwe sawa pande zote. Ukipinda kidogo tu, gesi hutoroka upande mmoja na kuisukuma risasi kando. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama shabaha haitaharibika. Akacheka: mtutu mfupi wa unene uleule hukakamaa zaidi, unene ndio muhimu hapo, urefu ni wa kasi. Nitakachokisikia ni kelele. Kwa kelele hakunidanganya, risasi ya kwanza baada ya kukatwa iliniacha nikisema "eeh?" licha ya vizuia sauti masikioni. Lakini matundu kwenye karatasi, mita 100, yalikaribiana kama zamani.

Siku ya kuichukua, muuzaji aliniona naingia. Hakusema neno. Aliinama chini ya kaunta, akatoa ule ufito wake wa mbao, wenye alama ya penseli bado, akanikabidhi mwenyewe.