Wimbo mdogo, wapulizaji tisa: niliyoyasikia Lubumbashi umeme ulipokatika

Mwezi wa saba, baridi ya kiangazi ikiwa imeishika Lubumbashi na watu wakiingia ukumbini na makoti, mwimbaji mmoja kijana wa mtaa wa Katuba aliimba wimbo wake akiwa na bendi kubwa nyuma yake, watu 15. Wimbo wenyewe wengi wanaujua kwenye simu. Ni wa dakika tatu na kitu, umetengenezwa kwenye kompyuta: kinanda chepesi, kiki nzito (lile pigo la dramu kubwa ya mguu), na sauti yake imewekwa karibu sana, kama mtu anayekunong'oneza siri ndani ya teksi iliyojaa. Usiku ule ulitoka na tarumbeta 3, tromboni 2, saksafoni 4, piano, magitaa mawili, besi, dramu na tumba.

Mabishano yalianza hata kabla watu hawajafika langoni. Wakubwa walisema leo ndiyo wamesikia muziki, vijana sasa waachane na plebaki, yaani kuimba juu ya rekodi. Vijana, hasa wale wanaoujua wimbo ule neno kwa neno, walisema hawakuutambua mpaka ulipofika kwenye kiitikio. Tangu siku hiyo nimesikia hoja hizo mbili zikirudiwa mtaani Kamalondo, kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, hata kwenye uwanja wa parokia baada ya misa. Mimi huandika nota za kwaya, na niliombwa kunakili karatasi za wapulizaji wa onyesho lile, kwa hiyo nilikaa kwenye mazoezi yote. Naupenda wimbo ule na nazipenda tarumbeta. Ndiyo maana suala hili linaniuma.

Nianze na wakubwa, kwa sababu wana haki zaidi ya wanavyodhaniwa. Maonyesho mengi mjini kwetu sasa ni hivi: mwimbaji anafika na flashi, anampa dijei, anapanda jukwaani na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, au anafungua mdomo tu. Aliyelipa kiingilio anapewa kitu alicho nacho tayari mfukoni. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba flashi haimsubiri mtu. Muziki wetu wa Kongo una nusu ya pili, sebene, na nusu hiyo ni mali ya wachezaji: gitaa linazunguka, mtu anaitwa jina, akina mama wanainuka, na bendi inaendelea kadiri watu wanavyoendelea. Plebaki inafika mwisho wake hata kama ukumbi ndio kwanza unaanza kupata moto. Nimewaona watu wamesimama katikati ya ukumbi mikono bado iko juu, muziki umekatika, wakarudi kukaa. Kwa hilo peke yake, bendi ya watu wanaopumua inashinda.

Tena wapulizaji tunao. Fanfari, yaani bendi za kupuliza, za Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, zinawafundisha vijana tangu wakiwa wadogo. Zipo fanfari zinazokodishwa kwa harusi na vilio, yaani misiba. Uwanjani, mashabiki wa TP Mazembe huimba na ngoma na tarumbeta mpaka jasho liwatoke. Kusoma nota nako si jambo geni hapa: kwaya ya wavulana ya Msalaba wa Shaba ilianzishwa mwaka 1937 na padri Mbenedikto Anschaire Lamoral, na karibu naye alikuwepo Joseph Kiwele, mtunzi wa misa iliyopewa jina la Katanga. Na tarumbeta yenyewe ni nini? Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba ndiyo iliyouzaa mji huu mwaka 1910, na zinki inachimbwa Kipushi, mwendo mfupi kwa gari. Mtoto wa mchimbaji anapuliza madini ya kwao yaliyozunguka dunia na kurudi yakiwa chombo, halafu jukwaa pekee analopewa ni msafara wa kwenda makaburini. Napenda sana apate na jukwaa la wimbo wa rika lake.

Wakubwa wanapokosea ni pale wanaposema hivyo ndivyo muziki wetu ulivyokuwa tangu mwanzo. Ni kweli, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoanza 1953, ilikuwa na saksafoni, na Manu Dibango alipiga humo. OK Jazz ilizaliwa 1956, na miaka ya baadaye kiongozi wake Franco alisimama mbele ya kundi kubwa lenye mstari mzima wa wapulizaji. Lakini mwisho wa mwaka 1969 ilizaliwa Zaïko Langa Langa, vijana waliowaacha wapulizaji kabisa, wakaweka magitaa na kaisi kleri, ile dramu ndogo ya sauti kali, mbele, na karibu muziki wote uliofuata umepita katika mlango ule. Hapa Katanga mambo yalikuwa mengine tena. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alirekodi mtu mmoja na gitaa moja: kidole gumba kinatembea kwenye besi, kidole cha pili kinaimba juu. Rekodi zile zilisikilizwa Nairobi na mbali zaidi. Kwa hiyo anayetafuta asili akiwa amekaa Lubumbashi atakuta mtu mmoja na nyuzi sita, na hoja ya asili haitamsaidia kuitetea bendi kubwa. Tuiache.

Sasa vijana. Wanasema wimbo uliharibika, na wengi huwajibu kwamba masikio yao hayajazoea. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi, na naona walisikia vizuri kabisa.

Wimbo wa aina hii hausimami kwenye akodi, yaani noti zinazopigwa pamoja. Una akodi nne zinazozunguka mwanzo hadi mwisho, na melodia ya noti tano. Uzuri wake uko kwenye rangi ya sauti, kwenye nafasi tupu kati ya kiki na kiki, na kwenye ule ukaribu wa mdomo na maikrofoni. Mpangaji wa bendi kubwa amezoea kufanya kazi kinyume chake. Bendi kamili ya namna hiyo, kama walivyoizoea Wamarekani tangu enzi za Duke Ellington na Count Basie, ina watu 17: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, na wanne wa midundo. Ukimpa mtu wapulizaji 13, au hata 9 kama sisi, na akodi nne, atataka kuwapa kazi. Ataongeza akodi za kupitia, atajaza kila pengo kwa jibu la tarumbeta. Nafasi tupu, ambayo ndiyo iliyokuwa wimbo, inakwisha.

Halafu kuna suala la ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ambalo wasikilizaji hawalioni lakini linaamua mengi. Wimbo ule ulianzia kwenye gitaa, katika Mi, mahali ambapo nyuzi za gitaa zinalia zenyewe. Tarumbeta ni chombo cha Si bemoli, noti inayosomwa si ile inayosikika (bemoli hushusha noti nusu toni, dizi huipandisha): ili itoe Mi, mpulizaji anasoma Fa dizi, yaani dizi 6 mwanzoni mwa mstari. Saksafoni alto ni ya Mi bemoli, yeye anasoma Do dizi, dizi 7. Vijana wa fanfari wamekulia kwenye bemoli mbili tatu. Siku ya kwanza ya mazoezi walihangaika na vidole tu, muziki haukuwepo. Mwalimu aliyeupanga akashusha wimbo nusu toni, hadi Mi bemoli. Tarumbeta zikasoma Fa, bemoli moja. Alto zikasoma Do, hakuna alama hata moja. Mpiga gitaa akafunga kapodastri, kile kibanio cha nyuzi, mwanzoni mwa shingo, akapiga kwa vidole vya Re. Kila mtu alifurahi isipokuwa mwimbaji. Kwa kushushwa vile, ubeti wake, ambao tayari ulikuwa chini, ulitumbukia mahali ambapo tromboni na saksafoni tena zinajaa zaidi. Alikuwa anaimba ndani ya ukuta.

“Papa, beko banapiga nguvu, sisikii sauti yangu,” alimwambia mwalimu. Ikabidi apaze sauti. Na wimbo wa siri ukiimbwa kwa kupaza sauti, siri inakwisha.

Kiki nayo ilipotea. Mpiga dramu, mtu hodari, aliuhamisha mwendo kutoka kwenye kiki kwenda kwenye matuazi, kama swing, mwendo wa jazi wa bendi kubwa, inavyotaka. Vijana ukumbini hawakuwa na pa kuweka mguu. Najua wapo waliojaribu mambo kama haya kwingine: mwimbaji Paul Anka, mwaka 2005, alitoa albamu nzima ya nyimbo za roki zilizogeuzwa swing, na Metropole Orkest ya Uholanzi, iliyoundwa 1945 kama orkestra ya redio, imewasindikiza waimbaji wengi wa pop. Lakini mtu akiniletea mifano hiyo namwomba atazame nyuma ya jukwaa. Pale kuna wapangaji ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na wapulizaji wanaolipwa kwa mazoezi, si kwa onyesho tu.

Kwetu mazoezi ndiyo yanayokatwa kwanza. Hesabu yake si ngumu. Watu 15 wakikutana siku 6 ni safari 180 za teksi, kwenda na kurudi, kabla mtu hajala hata mkate. Hapo bado kukodi piano, na bado meza ya sauti yenye nafasi 16 ambayo wapulizaji 9 peke yao wanaimaliza zaidi ya nusu. Mwandalizi akitazama hesabu hiyo anasema siku mbili zinatosha. Anabaki na watu 15, maana 15 ndio wanaoonekana kwenye bango, na siku nne anazifuta kwa sababu hakuna anayeziona. Hapo ndipo mimi naona kosa la onyesho letu lilipozaliwa. Siku mbili zinatosha kwa watu 15 kujua wapulize wapi. Kujua wanyamaze wapi kunahitaji wiki.

Hayo nayasema kwa sababu ya jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Jioni ya pili ya mazoezi, katikati ya ubeti wa kwanza, umeme ulikatika. Besi ikafa, magitaa yakafa, piano ya umeme ikafa, maikrofoni ikafa. Jenereta haikuwa na mafuta. Wapulizaji waliendelea, maana pumzi haina habari na umeme, na mpiga dramu akaendelea kwa kiki tu, taratibu, kwa sababu gizani hakuyaona matuazi. Mwimbaji naye hakuacha. Mwalimu alisema neno moja tu: “Bana, pole pole. Mama eko anaimba.”

Kilichofuata sijakisahau. Mpiga tarumbeta wa kwanza, kijana mwembamba aliyezoea kupuliza vilioni, alivua kofia yake ya sufu akaifunika nayo kengele ya tarumbeta, ule mdomo wake mpana. Wawili waliobaki wakamwangalia, mmoja akaweka kiganja. Tromboni zikanyamaza kabisa. Saksafoni mbili zikabaki na noti moja ndefu, ndogo, chini ya sauti yake. Mwangaza ulikuwa wa simu moja tu iliyoegemezwa kwenye stendi ya nota. Na mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, tulisikia maneno ya wimbo, yote, mpaka lile neno la mwisho la ubeti ambalo kwenye rekodi analimeza. Kiitikio kilipofika wakafungua, wote tisa, bila kuambiwa, na ngozi ya mikono yangu ilisisimka. Ule ulikuwa wimbo wenyewe, na ulikuwa bendi kubwa.

Umeme uliporudi, kila mtu akarudi kwenye karatasi yake. Karatasi zilisema pulizeni, wakapuliza. Na mimi ndiye niliyezinakili, nilipaswa kuinua mkono nikaseme zibadilishwe. Sikusema, na siku zilizokuwa zimebaki zilifutwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mwimbaji wa leo aimbe na bendi kubwa, najibu ndiyo, lakini si kwa sababu wanazozitoa wakubwa. Asiimbe nayo ili aonekane amekomaa. Sauti yake na kompyuta yake ilikuwa kazi kamili, haikuwa na upungufu wa kuzibwa na tarumbeta. Aimbe nayo kwa sababu kiitikio kinaweza kufunguka namna ambayo flashi haiwezi, na kwa sababu sebene inahitaji watu wanaoweza kusubiri ukumbi. Na fedha zikiwa chache, kama zilivyo siku zote, apunguze watu, asipunguze siku. Wapulizaji wanne waliofanya mazoezi wiki moja watamsaidia kuliko tisa wa siku mbili. Mazoezi hata mara moja yafanywe umeme umezimwa kwa makusudi, na kila mpulizaji ambaye haisikii sauti ya mwimbaji ajue kwamba pale yeye ndiye aliyezidi. Kiki ibaki mahali pake. Ubeti, kama inawezekana, wapulizaji wasiuguse.

Wakubwa watasema tarumbeta mbili si bendi kubwa. Wana haki: fahari ya kuona safu nzima inainuka pamoja haitakuwepo, na fahari ile si kitu kidogo kwa mji ambao vijana wake wamekosa mengi ya kujivunia. Sina jibu la kuwaridhisha. Mimi kati ya safu na maneno nachagua maneno.

Mwimbaji anataka kuurudia mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika. Juzi mwalimu alinipa karatasi za zamani ninakili upya: tarumbeta 2, tromboni 1, saksafoni tena 1. Ya tromboni amechora mstari mwekundu juu ya ubeti wote wa kwanza na wa pili, na pembeni ameandika kwa mkono wake: sikiliza.