Tiro: Je, Ezekieli aliilaani biashara?

Mhubiri akitaka kuwatikisa matajiri, hufungua Ezekieli 26 hadi 28. Tiro, mji wa Wafoinike uliokuwa kisiwani mbele ya pwani ya Lebanoni ya leo, ulineemeka kwa marikebu na kwa rangi ya zambarau iliyotolewa kwenye konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 tu, basi pigeni hesabu ya bei. Nabii akautabiria mji huo kuzama, na funzo hutolewa papo hapo: mali ni laana.

Wanaosema hivyo wana hoja. Sura ya 28 haizunguki: akili ya kuchuuza iliongeza utajiri, utajiri ukainua moyo, hata mtawala akajiita mungu. Mstari wa 16 unasema wingi wa biashara uliujaza mji udhalimu. Kwa hiyo anayejitetea kwamba kosa lilikuwa kiburi tu, na biashara haihusiki, hajausoma mstari huo.

Lakini rudi sura moja nyuma. Ezekieli anaiunda Tiro kama jahazi, ubao kwa ubao: mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri. Wavuta makasia wanatoka Sidoni na Arvadi. Hata mafundi wa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, anawataja, wazee wa mji wa Gebali. (Aliyewahi kuona fundi wa pwani yetu akishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao anajua kazi hiyo.) Kisha shehena: fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, divai ya Helboni, pembe za ndovu na mpingo. Anayechukia bandari hajui mambo haya yote. Upepo wa mashariki unapoivunja marikebu, haya ni maombolezo, si shangwe. Isaya 23:18 naye haifungi bandari. Faida ya Tiro itakuwa chakula na mavazi ya wakaao mbele za Bwana.

Mimi naona kosa liko kwingine. Katika 26:2 Tiro inashangilia Yerusalemu kuanguka, kwa kuwa mshindani ameondoka sokoni. Na katika 27:13 watu wanauzwa pamoja na vyombo vya shaba. Ezekieli anapita bila neno, jambo linalonisumbua. Amosi 1:9 ndiye anayepaza sauti. Ufunuo 18 unaichukua orodha ile ile na kuwaweka wanadamu mwishoni, baada ya farasi na magari.

Kuna pia wanaoitumia Tiro kuthibitisha au kupinga unabii wenyewe. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira mji miaka 13, kwa hesabu ya Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, na Ezekieli anakiri katika 29:18 kwamba askari waliambulia vichwa vyenye upara na mabega yaliyochubuka, bila ujira. Aliyeingia ni Aleksanda Mkuu wa Makedonia, mwaka 332 KK, baada ya miezi saba, kwa kujaza bahari vifusi vya sehemu ya Tiro iliyokuwa bara, hadi kisiwani. Mji ukafufuka, Paulo alikaa huko siku saba. Mabishano hayo hayatuambii lolote kuhusu mali.

Kinachotuambia ni 27:17. Miongoni mwa wateja wa Tiro wamo Yuda na Israeli, wakipeleka ngano, asali, mafuta na zeri. Ezekieli angeweza kuuruka mstari huo.