Bibi, Konda na Mia Mbili ya Kifuani

Nasema hivi: mtu akikuuliza ndani ya daladala unasoma nini, sema biashara. Sema kilimo. Sema ualimu, watakuonea huruma wakuache. Ukisema mionzi, ukaongeza na saikolojia kwamba imo humohumo kwenye ratiba, umejitafutia mwenyewe.

Ya saikolojia tumeshazoea. "Haya, niambie nawaza nini." Unawaza nauli, kaka. Humu kila mtu anawaza nauli. Mwingine atauliza kama unakwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kufanya kazi au kulazwa, acheke peke yake mpaka kituo cha pili. Hayo yanapita. Ya mionzi ndiyo hayapiti.

Leo gari la Nkuhungu, jirani wa kiti kauliza, nami nikajibu kwa heshima zote: radiolojia. Kijana wa watu akasogea mpaka nusu ya kalio ikawa njiani. Nikamweleza taratibu kwamba mashine ya eksirei ni kama taa: ukiachia kitufe, mionzi imekwisha. Haibaki ukutani, haibaki kwa mgonjwa, wala mwanafunzi hairudi naye nyumbani kwenye begi. Tena ukitoka mita moja kutoka kwenye mashine ukasimama mita mbili, inayokufikia ni robo tu. Akanisikiliza vizuri sana. Halafu akasogea tena, eti anaitafuta hiyo robo.

Kumbe nyuma yetu kuna bibi anasikia.

"Mjukuu wangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye dokta wa picha?"

Kabla sijakana, bahasha ya kaki ilishatoka ndani ya kanga.

Sasa utaratibu unajulikana. Sisi kazi yetu ni picha itoke vizuri. Majibu anaandika daktari bingwa wa radiolojia, na wa kukueleza ni yule daktari aliyekutuma kupiga. Nikaitoa ile sauti tuliyofundishwa, ya chini, macho usawa wa macho yake: "Bibi, mimi nasomea namna ya kupiga. Majibu siruhusiwi kuyasoma."

"Miaka mitatu uko chuo unasoma, na kusoma huruhusiwi?"

Gari zima likaangua kicheko. Konda akaipokea picha juu kwa juu, akaibandika kwenye kioo chenye vumbi la kiangazi chote cha Dodoma, shingo ikiwa chini. Wakaiinua shingo. Moyo ukawa kulia, watu wakaanza kumpa bibi pole. Hapo nikashindwa kukaa kimya. Picha ya kifua inatazamwa kama vile mwenyewe amesimama mbele yako mnaangaliana: kulia kwake ni kushoto kwako. Na ili watu wasichanganye, pembeni tunaweka herufi ya kulia au ya kushoto. Ukiona herufi imekaa kinyume, jua umeishika kinyume.

"Herufi yenyewe ya nini?" akauliza mama mwenye ndoo.

Nikajibu kitaalamu. Ndilo kosa langu. "Ni ya risasi."

"Bibi alipigwa risasi!"

Jamani. Risasi ni madini, madini mazito yanayozuia mionzi, yale yale yanayowekwa ndani ya aproni tunazovaa, hizo ambazo wenzetu wanazikunja kama nguo za mtumba wakati zinatakiwa zitundikwe, maana zikikunjwa zinapasuka kwa ndani na mionzi inapita kwenye ufa wewe umesimama unajiona salama. Nani alinisikiliza? Mama mmoja alishamfunika mtoto wake uso asipigwe na miale ya picha. Mwingine kaona mapafu, kashtuka: "Yameungua yote, meusi tii! Bibi, unavuta sigara?" Pafu limejaa hewa, mama, hewa haizuii mionzi, ndiyo maana linatoka jeusi. Mfupa una kalsiamu, unazuia, unabaki mweupe.

"Na hii?"

Kidole cha konda kilikuwa juu ya pafu la kulia. Duara. Jeupe pe. Kingo zimekatwa kama kwa bikari.

"Risasi yenyewe hii hapa!"

Uvimbe haujui kuchora duara namna hiyo. Nikamgeukia bibi. "Bibi, siku ya picha ulijifunga nini kifuani?"

"Kanga."

"Pindoni palikuwa na nini?"

Akatazama nje. "Mia mbili."

"Hukuambiwa utoe?"

"Niliambiwa nitoe vitu vya chuma. Pesa ni chuma? Na ningeitoa ningemwachia nani?"

Hapo ile sauti ya chini ikaniponyoka. Bibi! Picha imekwenda na maji! Kilicho nyuma ya hiyo mia mbili hakuna daktari atakayekiona, itabidi irudiwe, upigwe mionzi mara ya pili kwa ajili ya sarafu! Na ilivyo nzuri, ndicho kilichoniuma. Aliyepiga alimsimamisha bibi kifua kimegusa kaseti, lile bapa linalopokea picha, mashine nyuma yake mita 1.8 ili moyo usitoke mkubwa kuliko ulivyo. Kidevu juu, mikono kiunoni, mabega yakasukumwa mbele mpaka mifupa ya mabega ikaondoka mbele ya mapafu. Ncha za mitulinga ziko sawa kwa sawa na uti wa mgongo, maana yake bibi hakupinda. Mbavu za nyuma nilihesabu pale pale kiooni, kumi juu ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kumpata bibi avute pumzi ya mbavu kumi si mchezo. Wengi ukiwaambia "zuia" wanaachia. Inabidi avute, aachie, avute tena, ubonyeze kwenye ile ya pili. Yote hayo yakafanyika, juu ya pafu pameng'aa shilingi mia mbili.

Ndiyo maana yule mwalimu wa saikolojia hachoki kutuchosha. "Vitu vya chuma" si lugha ya mtu. Mtajie: mkufu, pini, funguo, simu, sidiria, pesa ya pindoni. Misuko aifunge juu, ikilala mabegani inatokea kwenye mapafu kama nyoka. Mwambie akurudishie kwa maneno yake, kisha uangalie kwa macho yako.

Na heri kifua. Mwambie mtu wa altrasaundi ya nyonga anywe lita moja ya maji saa nzima kabla, asiguse choo, halafu apande bodaboda barabara zetu hizi. Anafika kavu, kajisaidia njiani, na mashine bila kibofu kilichojaa haioni vizuri.

Halafu kesho nina kazi ya saikolojia ya kukusanya, ya yule mtafiti Pavlov na mbwa wake: walizoea mdundo ukilia chakula kinafuata, mpaka wakatokwa mate kwa kusikia mdundo tu, chakula bado hakijaletwa. Nilikuwa nahangaika na mfano. Konda akatikisa sarafu kiganjani, cha, cha, cha. Gari zima mikono ikaingia mifukoni, na wangu humo, wakati nilishalipa.

Bibi peke yake hakutikisika.

"Mjukuu wangu atanilipia," akamwambia konda. "Pesa yangu si mmeiona iko kwenye picha?"