Kibao cha MBWA MKALI hakitoshi jamani

Hivi nani aliwaambia wenye nyumba kwamba ukishabandika kibao cha MBWA MKALI getini basi umemaliza kazi? Mtaani kwetu vibao vimejaa, halafu saa kumi na mbili asubuhi watoto wanaenda shule geti liko wazi na hao wakali wenyewe wako barabarani. Ukilalamika unaambiwa usiogope, huyo hang'ati. Hakung'ati wewe unayempa ugali, mimi ananijulia wapi?

Na ukali wenyewe mara nyingi tunautengeneza sisi, mbwa anafungwa mnyororo kutwa nzima juani, hatembezwi, watu hajawazoea, kila mtoto anayepita anamrushia jiwe, usiku ndo anafunguliwa alinde, sasa hapo unategemea nini yani.

Ukikutana naye usikimbie. Najua kusema ni rahisi, ila ukitoka mbio ndo umemuita. Simama, mikono ibane mwilini, usimkazie macho, mgeuzie ubavu halafu ondoka mdogomdogo bila kumpa mgongo. Na mkia kutikisika sio lazima awe na furaha, mbwa aliyekakamaa mwili mzima, mdomo kaufunga, mkia uko juu unatikisika kidogo tu, mimi huyo namuogopa kuliko yule anayebweka hovyo. Akikuangusha jikunje, kinga shingo na masikio.

Aking'ata ndo watu wanaharibu kabisa. Mara pilipili, mara mafuta ya taa! Osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kupona ni kama hakuna, lakini chanjo ukiiwahi inazuia. Na umalize sindano zote ulizopangiwa, sio kidonda kimekauka basi unaishia ya kwanza.

Halafu hii tabia ya mtaa mzima kumpiga mbwa mawe mpaka afe papo hapo siielewi. Kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumia, afungwe, aangaliwe siku 10. Akizimaliza mzima ujue hakukuambukiza siku ile, na daktari anaweza kukwambia sindano zilizobaki uache. Ila chanjo unaanza palepale, hizo siku 10 husubirii nyumbani. Mkishamuua na kumtupa jalalani mtamuangalia nani?