Punda yule si mvivu, kwato zinamuuma

Jumamosi, barabara ya kuingia Nachingwea, nilikuta punda anachapwa kwa kosa la kugoma kukata kona. Mkokoteni umesheheni korosho. "Mvivu huyu, dada," mwenye punda akaniambia. "Kwenye njia iliyonyooka anakwenda, kwenye kona anagoma."

Nikainama. Kwato za mbele zimenyanyuka kama omo ya jahazi, na zina mistari iliyobanana mbele, ikatanuka kisiginoni. Chini zimepigiliwa vyuma vya nondo, kazi ya fundi wa kuchomelea mageti. Nilimwambia, "Kaka, huyu hagomi. Akigeuka, uzito wote unalalia ukwato unaojisokota. Anaumia."

Hiyo ni laminaitisi sugu, ugonjwa wa kuvimba ndani ya ukwato. Ndani ya ukwato, mfupa umeshikwa na ukuta kwa vinyama vyembamba vilivyosukana. Vikivimba na kulegea, ncha ya mfupa inainama kuelekea chini. Ukuta wa mbele nao unakua kwenda zake, na kila hatua ncha ile ndefu inafanya kazi ya mtaimbo, inaubandua ukuta kwenye mfupa. Sasa mtu anakuja kupigilia chuma juu ya mtaimbo huo! Anaufunga ubaki pale pale.

Kwanza ni kukata, na kwa tupa, si kwa panga. Unarudisha ncha nyuma, unashusha kisigino taratibu mpaka mfupa ulale sawa na ardhi, halafu unarudia kila wiki 6 hadi 8. Ukwato haukui hata sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mpya kamili unachukua karibu mwaka. Anayetaka yaishe asubuhi moja atamtoa mnyama damu.

Haya, nakubali vipo viatu vinavyosaidia. Kile chenye ulimi wa chuma unaobeba ile pembetatu laini ya katikati kimewasaidia farasi wengi. Lakini kinapimwa baada ya kukata, ikiwezekana na picha ya eksirei mkononi, na ulimi ukikaa vibaya unazidisha maumivu. Tena ukwato wa punda umesimama zaidi kuliko wa farasi. Kwetu, mchanga mwingi wa kusimamia na sponji nene iliyofungwa chini ya ukwato vinampa nafuu siku hiyo hiyo.

Na chakula, jamani. Msimu wa korosho tunamjazia mahindi na pumba apate nguvu, tunamwacha ale mabibo yaliyoanguka mpaka ashibe. Wanga na sukari ndivyo vinavyoamsha ugonjwa huu. Ila usimshindishe njaa ghafla: mafuta ya mwili yanafurika kwenye damu, anakufa. Mpe majani makavu.

Wafugaji waliotolewa bonde la Ihefu, kule Mbeya, walipoletwa Lindi mwaka 2006 na 2007, wengi wetu wa mikorosho ndipo tulipowazoea punda. Tulinunua wanyama, maarifa tukayaacha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, fimbo nazo zipo.

Jioni ile tuling'oa misumari mmoja mmoja. Punda alitetemeka, nikamsemesha, akatulia. Alipoingia mchangani alisimama kwa miguu yote minne, kitu ambacho mwenyewe alisema hajakiona tangu Ramadhani. Tarehe ya kumkata tena nimeiandika kwa mkaa ukutani kwake.