Fataki bapa haithibitishi kitu

Wajazaji risasi wa zamani, yaani wanaounda risasi zao wenyewe kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, wana mazoea yao. Ganda likianguka, wanaliokota, wanaligeuza kitako juu na kuitazama fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti. Kingo zikiwa bado za mviringo, baruti inaweza kuongezwa kidogo. Fataki ikibapa, wanasema shinikizo ndani ya ganda limezidi; punguza baruti. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kwa risasi za bastola zenye shingo, ambazo ganda lake hupungua unene juu ili kushika kichwa chembamba (.357 SIG, 7.62×25 Tokarev, 5.7×28 na ndugu zao), jicho halitoshi, na asiye na kronografu ya kupima mwendo anabahatisha. Ubishi huu umewafikia wapiga shabaha wa Nakuru na Kisumu kupitia video za Marekani na Afrika Kusini, ambako kujaza risasi nyumbani ni shughuli ya kawaida ya kisheria. Hapa Kenya kuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Cheti cha bastola peke yake hakikupi ruhusa ya kuweka kopo la baruti jikoni, na asiye na kibali cha maandishi aishie kwenye kusoma.

Wazee hawa wana hoja. Kronografu haipimi shinikizo. Inapima mwendo tu. Ile ya kutumia mwanga huchanganywa na jua la pembeni, na ikiwekwa karibu mno na mdomo wa mtutu hupima moshi na mpigo wa hewa badala ya kichwa cha risasi; mita tatu hadi nne na nusu mbele ndiyo nafasi yake. Tena mashine hii huamsha ulafi. Mtu huona mita 400 kwa sekunde akataka 420, na shabaha yenyewe ikasahaulika.

Hata hivyo, fataki hudanganya, na kwenye maganda ya shingo hudanganya zaidi. Kikomo cha kiwandani cha shinikizo la .357 SIG ni pauni 40,000 kwa inchi mraba, dhidi ya 35,000 za 9mm Parabellum. Fataki ndogo ya bastola ina kikombe laini, hivyo kwa shinikizo hilo inaweza kubapa ilhali kila kitu kiko sawa. Ubaya zaidi uko kwenye bega, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingo. Mjazaji akiishusha dai (kalibu ya chuma inayorudisha ganda umbo lake) kupita kiasi kwenye presi, bega husukumwa nyuma na ganda hukaa na nafasi ya ziada ndani ya chemba, tundu la mtutu linalopokea risasi. Pini ya bastola inapogonga fataki, ganda husogea mbele. Shinikizo likianza, fataki hutoka kidogo kwenye kitundu chake na kutanuka, kisha ganda linaporudishwa nyuma hadi kugonga uso wa slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza), fataki hushindiliwa tena ndani. Anayeliokota ganda anakuta fataki bapa kama ya baruti iliyozidi, na kwa kuwa ameshika imani ya fataki, anapunguza baruti. Kosa lilikuwa kwenye dai, na dai inabaki pale pale ilipo.

Kuna na kinyume chake. Wapo wanaoweka fataki ndogo ya bunduki, yenye kikombe kigumu. Hiyo inaweza kukaa na kingo zake nzuri za mviringo hata shinikizo likiwa limeshavuka mpaka.

Mwendo una mantiki yake: haupatikani bure. Kitabu cha vipimo kikisema kiwango cha juu cha baruti fulani kinatoa mwendo fulani, nawe ukaufikia kabla ya kiwango hicho, basi shinikizo limeshafika, hata fataki iwe inang'aa namna gani. Hapo unasimama. Vivyo hivyo ukiongeza baruti hatua moja na mwendo usiongezeke, au ukaruka ghafla kuliko hatua zilizotangulia. Sharti ni kulinganisha mitutu inayofanana. Mwenye mtutu mfupi akifukuza namba iliyopimwa kwa mtutu mrefu, kronografu itamvusha mpaka badala ya kumwonya.

Sasa tuje kwenye namba ambayo wenye kronografu wenyewe huitumia vibaya. Mtu anapiga risasi tano, mashine inamwonyesha mkengeuko wa kawaida (kipimo cha jinsi mwendo unavyotawanyika kuzunguka wastani) wa mita 4 kwa sekunde, naye anatangaza kwamba amepata mchanganyiko bora. Hajapata kitu. Kwa risasi tano, ukitaka uhakika wa asilimia 95, mkengeuko halisi unaweza kuwa popote kati ya takriban 2.4 na 11.5. Tofauti hiyo si ndogo. Kama ni 2.4, ana risasi nzuri kupindukia. Kama ni 11.5, risasi moja kati ya ishirini itapita mita 23 juu au chini ya wastani, na ile ya juu inabeba shinikizo ambalo wastani hauonyeshi. Risasi kumi hukaza mipaka hadi karibu 2.8 na 7.3. Ishirini huileta 3.0 na 5.8, na hapo ndipo mazungumzo ya maana huanza. Anayelinganisha baruti mbili kwa risasi tano tano, moja ikitoa 4 na nyingine 7, akatupa kopo la pili, ametupa pesa. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tupu.

Ishirini ni nyingi, kweli, na risasi ni ghali. Lakini si kila hatua ya kuongeza baruti inahitaji ishirini. Hatua za chini zinatosha na tatu tatu, kwa kuwa pale unatafuta dalili ya hatari tu. Ishirini zihifadhiwe kwa kiwango unachokusudia kukitumia.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130, na wengi hukimbilia kulaumu hewa nyepesi namba zinapopishana. Kwa umbali wa mita tatu, tofauti ya hewa haileti hata mita moja kwa sekunde. Mtuhumiwa halisi ni joto la baruti. Kiwango kilichopimwa alfajiri yenye baridi chini ya Menengai, Nakuru, kinaweza kubadilika saa nane mchana kando ya ziwa huko Kisumu, hasa sanduku likiwa limeachwa kwenye buti ya gari. Baruti nyingine hupanda kwa joto, nyingine hushuka. Pima katika joto utakalopigia, na andika nyuzi pembeni ya kila kundi.

Lipo jambo ambalo kronografu haiwezi kukuambia kabla hujavuta kifyatulio, na hapa kalipa ya mzee, chombo chake cha kupimia urefu, inashinda. Shingo ya .357 SIG haifiki hata milimita nne, kwa hiyo inashika kichwa cha risasi kwa eneo dogo. Risasi ikigonga ngazi ya kuingilia chemba, kichwa kinaweza kurudi ndani, nafasi ya baruti ikapungua na shinikizo likapanda. Tengeneza risasi bubu, bila baruti wala fataki. Pima urefu wote (kikomo ni milimita 28.96), ipitishe kwenye magazini hadi chemba kwa nguvu kamili ya slaidi, itoe, upime tena. Ikifupika kila inapopita, usijaribu kuponya kwa kubana mdomo wa ganda zaidi. Ubanaji mkali huweza kulegeza mshiko huo huo. Tazama kwanza shina la kupanulia shingo ndani ya dai, huenda ni nene mno.

5.7×28 ina masharti yake. Ganda lake ni dogo kiasi kwamba sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5, hubadilisha mwendo waziwazi, na mizani ya bei ya chini inaweza kukosea kiasi hicho hicho. Maganda yake ya kiwandani yana mipako ya kutelezea. Ukiyaosha kwa maji na pini za chuma, mipako hutoka na bastola huanza kukwama, huku mpigaji akihangaika na baruti isiyo na hatia.