Sponji ya kuzuia kelele ibandikwe mwisho jamani

Mimi nafunga majenereta hapa Dodoma mjini, ila mtu wa boti kule bwawa la Mtera akitaka injini yake ya dizeli ikae ndani ya boksi la kuzuia kelele anatupigia sisi sisi, na kitu kinachoniumiza nikifungua maboksi mengi ni kwamba sponji ilibandikwa kwanza, waya na mipira vikatafutiwa njia baadae.

Sponji ikitangulia fundi anaanza kuichana na kisu, anatoboa tundu moja kubwa, anapitisha humo kila kitu, kebo ya betri, mpira wa dizeli, mpira wa maji, waya za geji, na pembeni panabaki uwazi. Kelele inatokea hapo hapo, uwazi mdogo tu unatosha, hela yote ya sponji imeenda bure. Kila kitu kipewe tundu lake lenye raba inayobana, na hiyo raba ndo inazuia bati lisichubue waya maana injini ya dizeli inatikisika muda wote. Waya ikichubuka ni shoti, sasa shoti karibu na mpira wa dizeli, mko katikati ya bwawa, mtakimbilia wapi?

Wengine wanaficha waya nyuma ya sponji eti ipendeze. Hapana! Waya inayobeba umeme mwingi inapata moto yenyewe, ukiifunika joto halitoki. Ziache mbele ya sponji, zionekane, zishikwe na klipu, waya zipite juu na mpira wa dizeli chini, ili mpira ukivuja dizeli isidondokee kwenye temino, pale waya zinapofungwa. Kutoka kwenye injini mpaka ukuta wa boksi acha waya na mipira iwe na ulegevu, ila mpira wa maji usikunjike kona kali, maji ya kupoza yakibanwa injini inachemka.

Na sponji ya godoro msiweke, inanyonya dizeli inakuwa utambi. Tafuta ile yenye karatasi ya rangi ya fedha juu, na njia ya hewa usiizibe, injini inapumua.

Kabla hujafungua gundi washa injini ipate moto kabisa, izime, halafu pitisha mkono kwenye kila klipu ya mpira, penye unyevu kaza, waya iliyo karibu na egzosi isogeze. Ukishabandika sponji klipu za mipira zilizo nyuma ya injini huzioni tena mpaka boti ianze kunuka dizeli.